Filomena: Mtakatifu aliyetokana na vigae vitatu

FUNGUA daftari la ubatizo la parokia yoyote kongwe ya Kikatoliki humu nchini nawe utakuta majina ya wanawake waliouawa Roma, Carthage, Alexandria na kwingineko zaidi ya miaka 1,600 iliyopita. Akina Agnes, Lucy, Cecilia, Catherine, Perpetua na Felista wamejaa vijijini na mijini, naye Philomena hakosekani. Kila mtoto alipewa jina pamoja na somo wake, yaani mtakatifu mwenye jina hilo ambaye angemwombea na kuwa kielelezo kwake maishani.

Hata hivyo, masomo hao hawajulikani kwa kiwango kimoja. Wapo waliotuachia maneno waliyoandika wao wenyewe gerezani. Wapo ambao tumebakiwa na jina lao tu, siku ya ukumbusho na mahali pa kaburi. Na yupo Filomena, ambaye hata jina lake lilipatikana kwa kupanga upya vigae vitatu vilivyoziba kaburi, na ambaye kwa zaidi ya miaka 100 alikuwa miongoni mwa watakatifu waliopendwa mno katika Ulaya kabla ya sikukuu yake kuondolewa katika kalenda mwaka wa 1961.

Kisa chake chafaa kusimuliwa kwa kirefu kwa sababu kilitukia karibu nasi. Visa vingi vya mashahidi wa kale vilisukwa gizani, katika karne ambazo hazikuacha maandishi ya kutosha. Hiki kilisukwa mchana, katika karne ya 19, na kila uzi wake waonekana.

Mnamo Mei 25, 1802, wafanyakazi waliokuwa wakichimba katika makaburi ya chini ya ardhi yaitwayo ya Priscilla, kando ya barabara ya kale ya Via Salaria mjini Roma, walifikia kaburi lililokuwa halijafunguliwa. Lilikuwa shimo la mstatili lililochongwa ukutani na kuzibwa kwa vigae vitatu vya udongo wa kuchoma. Juu ya vigae hivyo yalikuwapo maandishi ya rangi nyekundu, na kwa mpangilio vilivyokuwa nao yalisomeka hivi: LUMENA PAX TECUM FI. Kwa Kilatini maneno hayo hayana maana. Lakini kigae cha kwanza kikihamishwa na kuwekwa mwisho, maandishi yanakaa sawa: PAX TECUM FILUMENA. Yaani, amani iwe nawe, Filumena.

Pamoja na maandishi palikuwapo michoro: nanga, mishale na tawi la mtende. Ndani ya kaburi ilipatikana mifupa ya msichana aliyekuwa bado mdogo, na karibu nayo chupa ndogo ya kioo iliyovunjika, yenye masalio ya kitu kilichokauka.

Kwa watu wa wakati ule, chupa hiyo pekee ilitosha kuwa ushahidi. Tangu mwaka wa 1668 wakuu wa Kanisa mjini Roma walikuwa wameamua kwamba tawi la mtende na chombo chenye damu ni alama za kutambulisha kaburi la shahidi. Wataalamu wa siku hizi hawaikubali kanuni hiyo. Mtende ni ishara ya ushindi iliyochorwa hata juu ya makaburi ya Wakristo waliokufa kitandani, na chupa za namna hiyo huenda zilitiwa manukato. Lakini mwaka wa 1802 hakuna aliyeuliza. Msichana wa kaburini alihesabiwa kuwa shahidi, na jina lake likawa Filumena.

Masalia yalikaa Roma miaka mitatu. Mwaka wa 1805 kasisi mmoja wa eneo la Naples, Francesco De Lucia, aliyekuwa akitafuta masalia ya shahidi kwa ajili ya kanisa la kwao, alikabidhiwa mifupa hiyo akaipeleka Mugnano del Cardinale, mji mdogo wa kusini mwa Italia. Iliwasili Agosti 10. Miujiza ikaanza kusimuliwa, na wasafiri wakaanza kumiminika.

Hapo ndipo swali la kawaida lilipozuka: huyu msichana alikuwa nani, na aliuawaje? Hapakuwa na kumbukumbu ya mahakama, wala barua ya askofu, wala orodha yoyote ya kale iliyomtaja. Ila michoro ilikuwapo, nayo ikageuzwa kuwa simulizi. De Lucia aliisoma kana kwamba ni orodha ya mateso. Nanga: basi alifungwa nanga na kutoswa mtoni. Mishale: basi alipigwa mishale.

Wanaojua makaburi hayo wanatueleza kuwa nanga ilikuwa miongoni mwa michoro iliyopendwa zaidi na Wakristo wa mwanzo, na hasa katika makaburi ya Priscilla, kwa kuwa Waraka kwa Waebrania umelifananisha tumaini na nanga ya roho. Kama kila kaburi lenye nanga lingekuwa la mtu aliyetoswa majini, mto Tiber ungejaa maiti.

Mwaka wa 1833 kisa kilikamilika. Mtawa wa Naples, Maria Luisa di Gesu, alieleza kuwa Filomena mwenyewe alimtokea na kumsimulia maisha yake. Kwa mujibu wa masimulizi hayo, alikuwa binti wa mfalme wa Kiyunani aliyeongokea Ukristo. Akiwa na umri wa miaka 13 alipelekwa Roma na wazazi wake, na Kaisari Diocletian akamtaka awe mke wake. Alikataa kwa kuwa alikuwa amemwekea Mungu nadhiri ya ubikira. Alitiwa gerezani, akachapwa mijeledi, akafungwa nanga na kutupwa Tiber, malaika wakaikata kamba. Alipigwa mishale, mishale ikawarudia wapigaji. Hatimaye alikatwa kichwa. Jina lake nalo likapewa tafsiri ya Kilatini, binti wa nuru, ingawa kwa hakika ni jina la Kigiriki lenye maana ya mwanamke apendwaye, nalo lilikuwa jina la kawaida.

Mwanahistoria hapati shida kuona nyufa. Diocletian alikuwa na mke, na makao yake makuu yalikuwa Nicomedia upande wa mashariki, wala hakufika Roma ila kwa nadra. Lakini msomaji aliyezoea maisha ya mashahidi ataona jambo jingine: kila kipande cha kisa hicho tayari kilikuwa kimesimuliwa kuhusu mtu mwingine. Mishale ilikuwa ya Sebastiani. Mwanamume anayemtaka bikira aliyejiweka wakfu yumo katika visa vya Agnesi, Agatha na Lusia. Mateso yanayoshindwa moja baada ya jingine mpaka upanga uje ni njia iliyokanyagwa na simulizi za kale kwa mamia.

Heshima kwa Filomena ilienea kwa kasi. Pauline Jaricot wa Lyon, Ufaransa, ambaye alikuwa mwanzilishi wa Shirika la Kueneza Imani lililochangisha fedha kwa ajili ya misheni za Kikatoliki duniani, alifika Mugnano akiwa mahututi mwaka wa 1835 na akarudi akiwa mzima. Padri Yohane Maria Vianney wa kijiji cha Ars, aliyekuwa akifuatwa na maelfu ya watu waliotaka kuungama kwake, alisema kuwa miujiza iliyotajwa kwa jina lake ilikuwa ya Filomena. Mwaka wa 1837 Papa Gregory XVI aliruhusu sikukuu yake iadhimishwe katika jimbo la Nola, ambako Mugnano iko, na baadaye ruhusa hiyo ikaenea kwingine. Filomena alikuwa jambo la pekee: mtu aliyepewa Misa na sala zake ilhali hakuna lolote lililojulikana juu yake nje ya kaburi lake. Hata katika Martirolojia ya Roma, ambayo ndiyo orodha rasmi ya watakatifu, hakuingizwa.

Mapema katika karne ya 20, mtaalamu wa mambo ya kale Orazio Marucchi alivirudia vile vigae. Hoja yake ilikuwa nyepesi. Wachimba makaburi wa karne ya 4 walikuwa na mazoea ya kutumia tena vigae vya makaburi ya zamani, na kwa makusudi walivipanga ovyo ili ieleweke kuwa jina lililoandikwa si la maiti aliyemo. Kama ni hivyo, Filumena wa vigae alikuwa mtu wa kale zaidi, na msichana aliyelazwa nyuma ya vigae hivyo alikuwa mwingine asiye na jina, aliyezikwa wakati ambapo huenda mateso yalikuwa yamekwisha. Mjesuiti Giuseppe Bonavenia alimpinga, na mpaka leo wapo wanaoshikilia kuwa fundi alikosea tu mpangilio kwa haraka au kwa kutojua kusoma. Lakini shaka ilikuwa imeingia. Mnamo Februari 14, 1961, idara ya ibada mjini Roma iliagiza sikukuu ya Filomena iondolewe katika kalenda zote.

Ndugu saba, makaburi manne

Tusidhani kwamba Filomena ni kioja cha peke yake. Tofauti yake na wengine ni kuwa tunazo tarehe na majina ya wasukaji.

Orodha ya kale zaidi ya mashahidi walioheshimiwa na Kanisa la Roma imo katika kalenda ya mwaka wa 354. Ni kavu mno: siku, jina, na makaburi alimozikwa. Mnamo Julai 10 imetaja watu saba. Felix na Philip wamo katika makaburi ya Priscilla. Martial, Vitalis na Alexander katika makaburi ya Jordani. Silanus katika ya Maximus. Januarius katika ya Praetextatus. Orodha haisemi kuwa walikuwa ndugu.

Katika makaburi ya Maximus alizikwa pia shahidi wa kike aitwaye Felisita. Baada ya muda, wale saba wakawa wanawe. Ikaandikwa hadithi ya mjane wa Roma aliyeshuhudia watoto wake saba wakiuawa mmoja mmoja kwa njia tofauti, naye akawafuata. Yeyote aliyesoma sura ya 7 ya Kitabu cha Pili cha Wamakabayo atamtambua mama huyo mara moja. Kwamba ndugu saba waliouawa pamoja walizikwa katika makaburi manne yaliyoachana haikumsumbua msimulizi. Alieleza tu kuwa walitenganishwa wakati wa kuuawa.

Agnesi naye ana mkanganyiko wake, ingawa kuwapo kwake hakuna shaka: kalenda hiyo hiyo imemtaja Januari 21 na kaburi lake kando ya barabara ya Via Nomentana lajulikana. Lakini aliuawaje? Ambrose, askofu wa Milan, aliyeandika karibu na mwaka wa 377, alisema alikuwa na miaka 12 na aliuawa kwa upanga. Papa Damasus, aliyeishi wakati huo huo na kuandika ubeti uliochongwa kwenye jiwe la marumaru kaburini, alizungumzia moto. Hazikuwa zimepita karne nyingi tangu afe, na tayari njia mbili zilikuwa zimeachana. Kisha jina lake, ambalo kwa Kigiriki lina maana ya aliye safi, likasikika katika masikio ya Kilatini kama neno la mwanakondoo, agnus, na mwanakondoo akaingia katika kila picha yake. Kwa desturi wanakondoo hubarikiwa katika sikukuu yake, na sufu hutengenezewa ile pallium, kitambaa cheupe kinachovaliwa mabegani na maaskofu wakuu. Maaskofu wakuu wetu wa Nairobi, Mombasa, Nyeri na Kisumu huvaa pallium hiyo. Ndiyo kusema mfanano wa maneno mawili umetufikia hadi hapa.

Kwa nini ilikuwa hivi? Sababu ya kwanza ni kuwa mateso makubwa yalifuta kumbukumbu. Amri za Diocletian za mwaka wa 303 ziliagiza vitabu vya Wakristo vichomwe. Amani ilipopatikana mwaka wa 313, mahujaji walianza kufurika makaburini, na kila kaburi likahitaji kisa cha kusomwa siku ya sikukuu. Palipokuwa na jina tu, mwandishi alijaza pengo kwa yale aliyoyajua kuhusu mashahidi wengine. Hakujiona mwongo. Alijiona kama mhubiri anayesema kile ambacho shahidi yeyote wa kweli bila shaka angesema.

Waliofanya kazi ya kutenganisha nyuzi hizi, na hili halisemwi vya kutosha, walikuwa watu wa Kanisa lenyewe. Kikundi cha Wajesuiti wa Ubelgiji waitwao Wabollandi, kutokana na jina la Jean Bolland, kilianza kuchapisha maisha ya watakatifu mwaka wa 1643 kikilinganisha nakala za zamani. Mmoja wao, Hippolyte Delehaye, alitoa kitabu chake juu ya hadithi za watakatifu mwaka wa 1905. Alifundisha kwamba mambo mawili ndiyo ya kushikwa kwanza: siku ya ukumbusho na mahali pa ukumbusho. Waumini wa mji hukumbuka mahali walipomzika mtu wao na siku wanayokutana hapo, hata wakisahau mengine yote. Ukiwa na hayo mawili kutoka zama za kale, una shahidi. Ukiwa na hadithi ndefu tamu isiyo na mahali wala siku, jihadhari.

Sauti kutoka gereza la Carthage

Kuna shahidi mmoja ambaye hatuhitaji kukisia. Vibia Perpetua aliuawa Carthage, katika nchi ya sasa ya Tunisia, Machi 7, mwaka wa 203. Alikuwa na umri wa miaka 22 hivi, msomi wa ukoo wenye heshima, na mtoto wake alikuwa angali akinyonya. Akiwa gerezani aliandika kwa mkono wake yaliyompata, na maandishi hayo yamehifadhiwa ndani ya masimulizi ya kifo chake.

Tazama tofauti. Hakuna mfalme anayetaka kumwoa, wala malaika anayekata kamba. Kuna giza la gereza, joto la watu waliosongamana, na wasiwasi unaomtesa kwa ajili ya mtoto wake. Alipokubaliwa kukaa na mwanawe, dhiki ilimpungukia. Kuna baba yake mwenye mvi, asiye Mkristo, anayekuja mara kwa mara kumsihi aihurumie familia, akimbusu mikono na kupiga magoti mbele yake. Perpetua anamhurumia baba yake kwa dhati, na bado hakubali kutoa dhabihu kwa ajili ya Kaisari. Ndoto zake nazo, kama ile ya ngazi iliyopandwa silaha pande zote na joka chini yake, zina ukungu na mruko wa ndoto za kweli.

Pamoja naye alikuwapo mtumwa Felisita, mjamzito wa miezi minane, ambaye hofu yake ilikuwa kuachwa nyuma, kwa maana sheria ilikataza kumuua mwenye mimba. Alijifungua gerezani, na binti yake akachukuliwa na mwanamke Mkristo amlee. Huyu si yule mjane wa Roma. Kina Felista wa Kenya kwa hivyo wanao masomo wawili wa kuchagua, na nionavyo mimi, huyu mtumwa ndiye aliye na haki zaidi ya kukumbukwa.

Perpetua na Felisita wamo katika ile kalenda ya Roma ya mwaka wa 354, Machi 7, na Augustino aliwahubiri watu wake juu yao. Mwaka wa 1907 mwakiolojia Alfred-Louis Delattre alipata mjini Carthage vipande vya jiwe lenye majina ya Perpetua, Felisita na wenzao. Delattre alikuwa padri wa shirika la Wamisionari wa Afrika, maarufu kama Mapadri Weupe, walioanzishwa Algiers mwaka wa 1868 na kufika Buganda mwaka wa 1879. Ni shirika hilo hilo lililowafundisha dini wale vijana Wakatoliki waliouawa kwa amri ya Kabaka Mwanga. Papa Paulo VI alipowatangaza 22 kati yao kuwa watakatifu, Oktoba 18, 1964, aliwataja pamoja na mashahidi wa Afrika ya kale, akina Perpetua na Felisita.

Mashahidi wa Uganda hawana utata wa Filomena kwa sababu iliyo wazi. Uchunguzi ulifanyika wakati waliokuwapo Namugongo Juni 3, 1886, walipokuwa bado hai. Neno letu shahidi, kama lile la Kigiriki lililotangulia, lina maana mbili: aliyeona jambo na aliyefia imani. Namugongo palikuwa na wote wawili.

Waliopunguzwa 1969

Miaka minane baada ya Filomena, zamu ilifika ya wengine. Kalenda mpya iliyoidhinishwa na Paulo VI mwaka wa 1969 iliwaondoa katika kalenda ya Kanisa lote watakatifu kadhaa ambao visa vyao vilikosa msingi wa kihistoria, wakiwemo Kristofa, jitu lililombeba Mtoto Yesu kuvuka mto na ambalo madereva walilichukua kuwa mlinzi wao, na Katarina wa Alexandria, aliyesemekana kuwashinda wanafalsafa 50 kwa hoja. Kumhusu Katarina, hakuna maandishi ya karne ya 4, 5 wala 6 yanayomtaja. Hata monasteri maarufu ya Sinai inayobeba jina lake ilijengwa na Kaisari Justinian katika karne ya 6 bila jina hilo. Baadhi ya wasomi wamekisia kuwa ndani ya kisa chake mna mwangwi wa Hypatia, mwanafalsafa wa kike wa Alexandria asiye Mkristo, aliyeuawa na kundi la Wakristo mwaka wa 415. Ikiwa ni kweli, basi aliyeuawa na aliyeua wamebadilishana nafasi.

Magazeti ya wakati huo yalitangaza kuwa watakatifu wamefutwa, na uvumi huo haujafa. Haukuwa sahihi. Kristofa angali katika Martirolojia, na makanisa yanayobeba jina lake hayakufungwa. Katarina naye alirudishwa katika kalenda mwaka wa 2002, Novemba 25, kama kumbukumbu ya hiari.

Kwa Filomena hali ni nyingine, kwa kuwa sikukuu yake haikurudi. Akina mama wanaoitwa kwa jina lake hawana sababu ya kuhofia ubatizo wao: sheria ya Kanisa ya mwaka wa 1983, kanuni ya 855, inataka tu jina lisiwe geni kwa hisia za Kikristo, wala haidai kwamba somo awe na historia iliyothibitishwa. Kuomba kwa jina lake faraghani pia hakukukatazwa. Mjini Mugnano del Cardinale, masalia yangali kanisani ndani ya sanamu ya msichana aliyelala, na mahujaji hufika kila Agosti. Vigae vitatu navyo vimo humo humo; Papa Leo XII alivitoa mwaka wa 1827 vikakae pamoja na mifupa.